Chupa Tatu za Bwana Afya

Mikwaruzo ya kwanza ilionekana Jumatatu asubuhi, na kabla chai haijapoa nyumba nzima ya Mzee Ndalahwa ilikuwa imegawanyika pande mbili: wapelelezi na watuhumiwa. Wapelelezi walikuwa Mzee Ndalahwa mwenyewe na mkewe, Kashindye. Watuhumiwa walikuwa watu wote waliobaki, pamoja na mbuzi.

"Njoo utazame," Kashindye alisema.

Ndalahwa aliinama nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma. Kwenye kimo cha kiuno, plasta nyeupe ilikuwa imekwanguliwa mistari mifupi mifupi, imepangana kama kazi ya mtu mwenye haraka lakini mwenye adabu.

"Panya," alitoa uamuzi.

"Panya gani huyo anakula ukuta akiwa amesimama?"

Ndalahwa aliona swali ni zuri. Aliupapasa ukuta kwa kiganja, kama anavyompapasa ng'ombe aliyeambiwa ni mgonjwa. Alileta ng'ombe kumi na watano kutoka Usangu, na kumi na wawili kati yao walikuwa wamegeuka kuwa ukuta huu. Nyumba yenyewe ilikuwa ghala la zamani la mlowezi mmoja aliyekwisha kwenda kwao, la matofali ya kuchoma na kuta nene, hapo Ipogolo kando ya barabara kuu, mahali ambapo mabasi ya Mbeya husimama ili abiria wanyooshe miguu kabla ya kupanda mlima kwenda mjini Iringa. Familia ilikwisha kuhamia vyumba viwili vya nyuma. Chumba kikubwa cha mbele kingekuwa hoteli ya maziwa na chapati, mara tu plasta ya zamani itakapobomolewa na mpya kupigwa. Kilichokosekana ni kibali. Na mwaka ule wa 1972, mwaka mmoja tu baada ya Serikali kutwaa majumba makubwa ya mijini, mtu yeyote aliyeutazama ukuta wa mwenzake zaidi ya mara mbili alihesabiwa kuwa ana jambo.

Tume iliketi hapo hapo. Aliyeitwa kwanza kutoa ushahidi alikuwa fundi Isakwisa, Mnyakyusa kutoka Mbeya, ambaye kwa siku tisa alikuwa akilala barazani akingoja kibali, akila ugali wa watu bila kugusa tofali.

"Fundi," Ndalahwa alianza, "kuna mtu ameanza kazi kabla ya wakati."

"Si mimi, mzee."

"Unakwangua ili plasta ionekane mbovu, upate kuongeza bei."

Isakwisa alichungulia nyuma ya mlango, akapitisha kidole kwenye mistari. "Mzee, mimi nikikwangua ukuta, watu wa barabarani wanasikia. Hii siyo kazi ya fundi. Hii ni kazi ya mtu anayeonja."

"Nani anaonja ukuta?" Kashindye aliuliza.

"Mimi sijui, mama. Mimi nimeulizwa habari za kukwangua."

Nje jikoni, Lea aliacha kukoroga uji. Lea alikuwa mke wa Shija, mtoto pekee wa nyumba hiyo. Alikuwa Mbena, Mlutheri, binti wa mwinjilisti, mwenye mimba ya miezi sita, na mikwaruzo yote ilikuwa yake.

Hakuipanga. Mvua ikinyesha, ukuta ule ulitoa harufu ambayo wenye pua za kawaida hawakuisikia, na mate yalimjaa mdomoni mpaka akashindwa kuitikia salamu. Mwanzoni alinunua udongo sokoni kama wanawake wengine wote wenye mimba. Lakini Kashindye aliukuta ndani ya kapu, akawatupia kuku mbele ya majirani. "Kwa Ndalahwa hatuli udongo," alisema. "Watu watauliza, huyu mkwe wanamnyima nini?" Kuku waliuonja, wakauacha. Tangu hapo Lea alikuwa akiingia chumba cha nyuma na mpini wa kijiko, anakwangua kidogo, anakula amesimama, anafuta mdomo, na kutoka na fagio kama mtu aliyekuwa akifagia. Chumba kile kilifagiliwa kuliko kanisa.

Tume ilifunga kikao bila kumpata mkosaji. Kashindye aliazimia kuhesabu mikwaruzo kila asubuhi.

Jumatano alikuja Bwana Afya.

Jina lake lilikuwa Kasian, Mhehe mrefu mwenye baiskeli, kofia ya kazi na mkoba wa ngozi. Alipiga hodi, akasalimia "Kamwene" kwa Kihehe, akajibiwa "Mwangaluka" kwa Kisukuma, na kila upande uliona kuwa mwenzake ameanza kwa ukaidi.

"Mzee, barua yako ya kuomba kufungua hoteli imefika ofisini," Kasian alisema. "Lakini kabla hujabomoa plasta ya jengo la zamani namna hii, lazima nipime kilichomo."

"Kilichomo wapi?"

"Ukutani. Hapa mlowezi alikuwa anaweka dawa ya josho. Mimi nimewauliza wazee waliofanya kazi hapa. Ile dawa ya zamani ya kuogeshea ng'ombe ilikuwa sumu kali, inaitwa aseniki. Magunia yalikuwa yanapasuka, maji yanavuja, ukuta unanyonya. Ukibomoa, vumbi linawaingia nyote. Wateja wako pia."

Ndalahwa alimtazama kwa huruma. Alikuwa ameogesha ng'ombe maisha yake yote. Dawa ya josho huua kupe, na yeye hakuwa kupe. Mtu mzima kusafiri kwa baiskeli kuja kusema ukuta una sumu, maana yake alitumwa kuukadiria thamani. Wakikuta thamani imezidi, wanalitwaa jengo. Ndivyo ilivyokuwa mjini, au ndivyo alivyosikia.

"Unapimaje?"

Kasian akafungua mkoba, akatoa vichupa vitatu vilivyokuwa zamani vya dawa ya sindano, vimeoshwa safi. "Nakwangua kidogo ukutani, kidogo sakafuni, kidogo mlangoni. Napeleka kwa mwalimu wa kemia, sekondari ya bweni huko juu mjini. Ana dawa za kupimia. Jumamosi naleta majibu."

Kashindye alikaa chini polepole. Mtu asiyefahamika, udongo wa mlango wa nyumba yake, ndani ya chupa, unapelekwa asikokujua. Alikotoka, mtu wa namna hiyo haitwi Bwana Afya.

"Haitoki," alisema.

"Mama, ni kijiko kimoja."

"Hata punje."

Mazungumzo yalichukua muda wa kukamua ng'ombe wawili. Mwishowe Ndalahwa akaleta pendekezo, na kwa kuwa lilikuwa la kipuuzi, kila mtu aliliona la haki. Kwa kila chupa itakayotoka, Bwana Afya ataacha kitu chake. Udongo ukidhuru nyumba, kitu chake nacho kipo, kitashughulikiwa. Kasian alicheka, akakuta anacheka peke yake. Kisha, kwa chupa ya ukuta akaacha kofia. Kwa chupa ya sakafu akaacha pampu ya baiskeli. Kwa chupa ya mlango hakuwa na kitu kingine, na baada ya majadiliano mafupi aliacha kiatu cha kushoto.

Alikwangua kwa kisu, kitambaa kikiwa kimefungwa puani. Alipofika nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma, alisimama.

"Hapa nani amekwangua?"

Watu walitazamana.

"Nauliza kwa sababu mtu akipata hii mdomoni, haimuui siku moja. Inamla polepole. Anatapika, tumbo linamkata, miguu inawaka moto. Mwenye mimba ndiyo mbaya zaidi. Kuna watoto hapa?"

"Hakuna," Ndalahwa alisema.

"Bado," alisema Isakwisa, aliyekuwa akisikiliza kwa makini ya mtu asiye na kazi.

Lea alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa. Kwa wiki mbili sasa miguu yake ilikuwa ikiwaka kama aliyekanyaga upupu. Alikuwa amemwambia mama mkwe wake, na Kashindye alimjibu kuwa hata yeye wakati wa mimba aliwaka. Sasa alisimama ameshika kibuyu kwa mikono yote miwili, na kwenye pindo la kanga yake kulikuwa na fundo, na ndani ya fundo kulikuwa na pande la ukuta, kubwa kama yai la njiwa, lenye alama za meno yake.

Hakusema. Baba mkwe alikuwapo. Kwao na kwa Wasukuma pia, mkwe hasimami mbele ya baba mkwe wake akaeleza habari za mdomo wake na tumbo lake. Alimimina maziwa, akapiga goti, akaondoka.

Mgeni hawezi kutoka kwa Msukuma bila kunywa maziwa, hata kama ni adui. Kasian alikaribishwa chumba cha mbele. Mkoba ulibaki barazani.

Lea aliyaona yote kutoka jikoni. Aliona mama mkwe wake akifungua mkoba bila kutazama nyuma, kama mtu anayefungua wa kwake. Alimwona akimwaga chupa ya kwanza, ya pili na ya tatu kwenye shimo la taka. Alimwona akivuka hadi kwa jirani, Mzee Silvester mwenye kilabu cha pombe ya mianzi, ulanzi, mtu aliyegombana naye tangu siku ya kuhamia, akakwangua ukuta wa kilabu kwa kifuniko cha sufuria, akajaza chupa zote tatu. Kama ni uchawi, uende kwa Silvester. Kama ni kutwaliwa, kitwaliwe kilabu. Kashindye alizifuta chupa kwa kanga, akazirudisha mkobani zikiwa zimepangwa vizuri kuliko zilivyokuwa.

Aligeuka, akamkuta Lea anamtazama.

"Uji unaungua," Kashindye alisema.

"Ndiyo, mayu," Lea alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Kasian alimaliza maziwa, akashukuru, akapanda baiskeli na kiatu kimoja.

Kuanzia siku ile mikwaruzo ilikoma. Kashindye alihesabu Alhamisi, akahesabu Ijumaa, hakuna mpya hata mmoja. Aliipeleka taarifa hiyo kwa mumewe kwa furaha.

"Unaona? Mwizi alikuwa yeye huyo. Alikuwa anakuja kwa siri. Sasa amepata alichokitaka, ameacha."

"Alikuwa anaingiaje?"

"Mtu anayeweza kutembea na kiatu kimoja mpaka mjini, unauliza anaingiaje?"

Lea alikuwa ameacha kweli. Aliacha kama watu wanavyoacha kupumua, kwa nguvu na kwa muda. Mvua iliponyesha Alhamisi mchana alitoka nje, akasimama mbali na nyumba, akalowa. Pande la ukuta lilibaki kwenye pindo. Mara tatu alikwenda kulitupa, na mara tatu alilinusa tu akalifunga tena. Usiku alihesabu kitu kimoja: mateke ya mtoto. Jumatatu yalikuwa mengi. Alhamisi yalikuwa mawili. Ijumaa asubuhi alingoja mpaka jua likafika dirishani, akapata moja, na hakuwa na hakika kama ni teke au ni njaa.

Ijumaa jioni Shija alirudi kutoka mtoni na ng'ombe watatu waliobaki. Alikuwa kijana mpole mwenye wivu wa kimya, ule unaokomaa taratibu. Alimkuta mkewe ameketi juu ya kinu, akisugua nyayo.

"Ulikuwa wapi jana mchana?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Mama anasema ulikuwa nje kwenye mvua."

"Nilikuwa nasikia joto."

Shija alishika pindo la kanga yake, lile lisilo na fundo, akapapasa weupe uliokuwa umeganda kwenye nyuzi. "Hii chokaa ya nani?"

"Ya ukutani."

"Ukutani hukai. Anayekaa na chokaa ni mmoja tu, naye analala barazani."

Lea alimtazama, kwanza kwa mshangao, kisha kwa uchovu. "Fundi hajagusa chokaa tangu alipofika. Hata wewe unajua."

"Ndiyo nauliza, imetoka wapi."

Kumjibu kulikuwa rahisi. Angefungua fundo, basi. Lakini Shija angempelekea mama yake, kwa kuwa alipeleka kila kitu kwa mama yake, na kesho yake kwenye shimo la maji wanawake wote wa Ipogolo wangejua kuwa mkwe wa Ndalahwa anakula nyumba. Tena angelazimika kusema kuhusu chupa. Mkwe wa miezi minane, kusema mama mkwe wake ameiba udongo wa kilabu.

"Majibu ya Bwana Afya yanakuja kesho," alisema.

"Bwana Afya anahusika nini na wewe?"

Lea alirudia kusugua nyayo. Shija aliondoka na orodha ya watuhumiwa iliyoongezeka jina moja.

Jumamosi saa nne Kasian alifika akiwa amevaa kandambili. Hakuwa na furaha ya mtu anayeleta habari njema, ingawa alileta habari njema.

"Mwalimu amepima chupa zote tatu," alisema. "Anaweka udongo kwenye asidi na vipande vya zinki, mdomo wa chupa anaufunika kwa karatasi yenye dawa. Sumu ikiwepo, karatasi inageuka nyeusi. Hizi hapa karatasi zenu."

Akaziweka mezani. Zilikuwa nyeupe kama kola ya Jumapili.

Ndalahwa alizitazama moja moja, pande zote mbili. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukuta wako ni safi. Naweza kusaini."

"Na hawalitwai?"

"Nani analitwaa nini?"

Hapo ndipo Ndalahwa alipocheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Aliagiza kofia, pampu na kiatu virudishwe mara moja, kiatu kikiwa kimesafishwa. Isakwisa hakungoja saini. Alikwishachukua nyundo na patasi, akaenda kuanzia chumba cha nyuma, kwa kuwa siku kumi na nne za ugali zilimwasha mikono.

Kasian alivaa kiatu taratibu. "Kuna jambo moja tu," alisema. "Mwalimu alipolowesha ule udongo, maabara nzima ilinuka ulanzi. Aliniuliza kama nyumba hii inakunywa."

"Ni majirani," Kashindye alisema upesi. "Upepo."

"Upepo uliingia kwenye chupa iliyofungwa?"

"Upepo wa hapa."

Pigo la kwanza la nyundo lilisikika kutoka chumba cha nyuma. Vumbi jepesi, jeupe, lilitokea mlangoni na kuelea kwenye mwanga.

Lea alikuwa amepiga goti, sinia la chai mkononi. Aliliweka chini. Alinyanyuka, akapita mbele ya watu bila kuinama, kitu ambacho hakuwahi kufanya kabla, akaingia ndani ya lile vumbi.

"Acha," alimwambia Isakwisa.

"Shemeji, kibali kimetoka."

"Acha, nimesema."

Shija alikuwa amesimama nyuma yake. Aliangalia mkewe, akaangalia fundi, akaangalia chokaa kwenye nguo zao wote wawili. "Mnaona," alisema kwa sauti ndogo. "Hata mbele yangu anakimbilia huko."

Isakwisa aliweka nyundo sakafuni kwa uangalifu mkubwa. "Mimi naondoka, ndugu zangu. Mbeya kuna kuta ambazo hazina kesi."

Wote walikuwa wamefika mlangoni: Ndalahwa, Kashindye, Kasian na kiatu ambacho hakijafungwa. Lea hakuweza kuwatazama. Aliugeukia ukuta, akawapa mgongo, akasema na ukuta, kwa kuwa ukuta hakuuonea haya.

"Mayu, zile chupa si za nyumba hii. Ulijaza udongo wa kilabu. Nilikuona."

Nje, ng'ombe mmoja alisikika akimeza.

"Na hii mikwaruzo ni yangu. Hakuna mwizi, hakuna fundi. Nilikuwa nakula. Tangu mwezi wa kwanza wa mimba nakula udongo." Alifungua fundo akiwa bado ameuelekea ukuta, akanyoosha mkono nyuma, na pande la chokaa likiwa kiganjani. "Bwana Afya, pima hili."

Kasian alilipokea kwa kitambaa. Aliziona alama za meno.

"Huyu ananidhalilisha," Kashindye alisema, akimwambia mumewe. "Watu watasema hakushiba kwangu."

"Ulijaza chupa?" Ndalahwa alimuuliza.

"Nilizijaza vizuri."

"Kashindye."

"Nilikuwa nalinda ng'ombe wako kumi na wawili. Ulitaka nimpe mtu udongo wa mlango wetu?"

Kasian alikwishafungua mkoba. "Mzee, mama utamlaumu baadaye," alisema. "Miguu inawaka, dada?"

"Inawaka."

"Unatapika?"

"Asubuhi. Nilidhani ni mimba."

"Mtoto anacheza?"

Lea aliweka paji la uso kwenye ukuta. "Leo bado."

Hakuna aliyesema tena habari za chupa. Shija alitoka mbio kusimamisha gari barabarani.

Lori la mahindi liliwapandisha mlima, Lea mbele na dereva, Kashindye nyuma juu ya magunia. Hakuna aliyemwambia aende. Alipanda mwenyewe, na njia nzima alikuwa ameshika kamba.

Kasian alifika hospitali jioni, amekanyaga baiskeli kutoka shuleni. Alimkuta Mzee Ndalahwa nje, chini ya dirisha la wodi ya wanawake, amesimama akiwa ameupa ukuta mgongo, maana haikufaa achungulie.

Kasian alitoa karatasi mfukoni. Katikati palikuwa na duara jeusi, kama lililochomwa kwa sigara.

"Lile lile pande?" Ndalahwa aliuliza.

"Lile lile. Mwalimu alirudia mara mbili. Usilale mle ndani, mzee. Usibomoe, usifagie. Nitaandika jengo lifungwe."

"Mwanangu ametoa vitu vyote tangu mchana. Tumevipeleka kando ya mto." Ndalahwa aliikunja karatasi, akaikunjua. "Ng'ombe wangu kumi na wawili."

"Wamo mle ukutani, mzee. Mimi sina njia ya kuwatoa."

Ndalahwa aliitikia kwa kichwa. Silvester alikuwa amekuja mchana ule ule kutaka kulinunua ghala kwa nusu ya bei, akisema hizi habari za sumu ni za watu wa ofisini. Ndalahwa alikuwa amemwambia kuwa atafikiri. Sasa alikuwa amemaliza kufikiri. "Ukiandika," alisema, "andika kwa herufi kubwa. Mlangoni. Wengine hapa ni wabishi."

Kisha akageuza uso upande wa dirisha bila kutazama ndani, akasema kwa sauti, kama anayeongea na mawingu: "Kashindye. Mwulize anajisikiaje."

"Nyamaza," sauti ya Kashindye ilijibu kutoka ndani. "Daktari anaongea."

Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa amegeuza viganja vya Lea, akavitazama, akabonyeza nyayo. "Umekula kiasi gani?"

"Kidogo," Lea alisema.

"Si kidogo," Kashindye alisema. "Kila mkwaruzo ni kijiko cha chai. Nimehesabu. Arobaini na mmoja, nyuma ya mlango. Na chini ya dirisha kulikuwa na kumi na mitatu ambayo sikumwambia mtu, maana nilidhani ni wachawi wa namna nyingine."

Daktari aliandika namba zote mbili. "Mama, umesaidia sana," alisema, na Kashindye alimtazama kwa shaka, akidhani anatukanwa.

"Atabaki hapa," daktari aliendelea. "Ameacha mapema kuliko wengine. Yeye nina matumaini naye. Mtoto, hatujui bado." Akamwita nesi, akaenda kitanda kingine.

Nesi alikuwa mwanamke mnene, Mhehe wa makamo, mwenye kipembe cha mbao cha kusikilizia watoto. Aliweka upande mmoja kwenye tumbo la Lea, sikio upande wa pili, akafumba macho. Alisogeza. Akangoja. Akasogeza tena, chini zaidi. Wodi iliendelea na kelele zake, sufuria, vikohozi, mtoto wa mtu akilia, na Lea aliyakodolea macho mabati ya juu bila kupepesa. Kashindye alikuwa ameshika chuma cha kitanda.

Nesi alinyanyua kichwa. "Yupo."

"Unasemaje?" Kashindye aliuliza.

"Yupo, mama. Anapiga polepole, lakini anapiga."

Kashindye alimtazama usoni, akatafuta ulipo uongo, hakuupata, hakuridhika. "Nipe hicho."

"Mama, hiki ni cha wodi."

"Nimesema nipe nisikilize mwenyewe."

Akakichukua. Alipiga magoti sakafuni, magoti ya mtu mzima yenye kulia, akauliza kiwekwe wapi, na Lea akamshika mkono akamwonyesha. Kashindye aliweka sikio. Uso wake haukubadilika. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono mmoja ukiwa bado chini ya mkono wa Lea, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kulalamika.

"Mama," nesi alisema, "nirudishie, wengine wanangoja."

"Wangoje," Kashindye alisema, macho yamefumbwa. "Mimi sijaamini bado."